Pembe ya Sambu na Mlango wa Gari Jekundu

Mzee Ngoyai Kisioki wa Endulen, kijiji cha Wamaasai huko Ngorongoro, humtambua ng'ombe kwa kuona mgongo tu ukipita juu ya majani marefu, na mara mbili amemtambua kwa alama za kwato kwenye tope. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, ingawa haikuwa na cheo wala posho. Ng'ombe wakichanganyika malishoni, wakiibwa na kupatikana Loliondo, au wakipigana na mmoja akatobolewa, Ngoyai aliitwa barazani. Alimzunguka mnyama mara moja, akatazama masikio, pembe na mapaja, kisha akasema. Akishasema, watu walinyoosha migongo wakaenda kunywa chai.

Kesi inayokumbukwa zaidi ni ya mtamba wa Moringe, mwaka 1971. Moringe alidai kwamba fahali wa jirani alimkimbiza mtamba wake nusu ya bonde, akamchoma pembe ubavuni. Alitaka apewe mtamba mwingine. Ngoyai aliingiza kidole kwenye jeraha, akakizungusha, akakitoa.

"Huyu hakukimbizwa," alisema. "Mnyama anayekimbia akichomwa, ngozi huchanika ndefu, kama shuka iliyonaswa na mwiba. Hili ni tundu la duara. Alikuwa amesimama. Moringe, ng'ombe wako alikuwa amesimama wapi?"

Moringe akakiri kwamba mtamba alikuwa amesimama nyuma ya boma la jirani, akila magadi ya jirani.

Katika zizi la Ngoyai mwenyewe alikuwamo fahali aliyeitwa Sambu, jina ambalo Wamaasai humpa ng'ombe mwenye mabaka. Pembe yake ya kulia ilikuwa ya kawaida. Ya kushoto ilikwenda mbele, ikainama, kisha ikajipinda kidogo kama mtu anayetazama nyuma, kwa sababu utotoni aliwahi kunasa kichwa kwenye ua wa ndama. Ngoyai alimtungia fahali huyu nyimbo tatu. Nashipai, mke wake, alitungiwa wimbo mmoja, nao ulikuwa mfupi.

Aprili 1972 Ngoyai alishuka na ng'ombe saba kwenda mnada wa Karatu. Sambu hakuwa wa kuuzwa. Alikwenda kuwaonyesha wenzake njia, na kuonekana. Siku hiyo mbio za magari za Pasaka zilikuwa zinapita, na watu wa Karatu walikuwa wameketi kando ya barabara tangu asubuhi wakihesabu vumbi. Chini ya lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, kuna kona kali. Sambu alitangulia, akapotea konani. Ngoyai, aliyekuwa nyuma akimbembeleza dume aliyegoma, alisikia kishindo kama cha debe lililoangushwa. Alipofika alimkuta Sambu katikati ya barabara, hana hata mchubuko, ncha ya pembe ya kushoto ina rangi nyekundu. Mbele yake kulikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi gari jekundu likikimbia kuelekea Karatu.

Mtu aliyezoea kupima kila jeraha kwa kidole angejiuliza maswali mawili matatu. Ngoyai hakujiuliza hata moja. Gari la mbio lilikuja kwa kasi, Sambu akalipokea kwa pembe, gari likashindwa, likakimbia. Ndivyo alivyowaeleza watu wa mnada kabla hata ya kuuliza bei.

"Ngoja, mzee," alisema Omary, mwenye duka la rejareja karibu na mnada, kijana wakati ule. "Gari la maili themanini limgonge ng'ombe, ng'ombe abaki na rangi tu? Huyo ni ng'ombe au kifaru?"

"Ni Sambu."

"Basi mpelekeni jeshini. Sisi huku tunahangaika na mgambo."

Huko nyumbani Nashipai alisikiliza hadithi yote akiwa anakamua, akauliza jambo moja. "Jioni alikula vizuri?"

"Alikula vizuri sana."

"Ng'ombe aliyegongwa na gari hali vizuri," alisema Nashipai, akaendelea kukamua.

Mwezi uliofuata Ngoyai aliitwa kutoa ushahidi juu ya ng'ombe wa wizi. Mshtakiwa, ambaye hakuwa na utetezi wowote, alisimama akasema, "Wazee wangu, shahidi huyu si ndiye yule wa ng'ombe aliyefukuza magari ya mbio?" Mwenyekiti alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya shuka, na kesi ikaahirishwa. Tangu siku hiyo Ngoyai hakuitwa tena. Kazi yake ilipewa Senteu, mtu mwema mwenye macho mabovu. Kuna ng'ombe mmoja wa wizi ambaye Senteu alimkabidhi kwa mwizi. Kosa lilipogundulika aliitwa arekebishe, akamkabidhi mwizi yuleyule pamoja na ndama.

Ngoyai angeweza kusema kwamba alitania, mambo yakaisha. Hakusema. Miaka kumi na miwili alikaa nje ya baraza, akisikia kwa mbali Senteu akitambua ng'ombe wasiokuwapo. Sambu alikufa kwa uzee mwaka 1979. Pembe ya kulia ilifanywa ya kunywea pombe ya asali. Ya kushoto ilitundikwa juu ya kitanda, na hakuna aliyeruhusiwa kunywea.

Gari lile jekundu, kwa upande wake, halikwenda mbali. Kabla ya kufika Karatu lilipiga jiwe, likapasua sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili ikamwagika, injini ikakwama. Lilikuwa Lancia Fulvia ya milango miwili, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano, chache sana. Dereva wake, Mwitaliano, alikokotewa gari na ng'ombe wanne wa fundi Josephati Amsi. Akaandika nyuma ya ramani yake kwamba gari amemwachia fundi huyo, akapanda lori la Arusha, asionekane tena.

Josephati ni Mwiraqw wa Qurus, kijiji cha karibu na Karatu, fundi ambaye wakati vipuri vilipoadimika aliendesha trekta miezi minne kwa mkanda wa suruali badala ya mkanda wa feni. Aliliingiza gari kwenye ghala nyumbani kwake na kulitumia kadiri hali ilivyomruhusu. Injini aliifufua, ikaenda kuvuta maji kwenye shamba la kahawa la Oldeani. Viti aliviweka sebuleni. Kibati chenye namba ya gari alikipigilia kwenye mlango wa choo kuziba ufa, na mvua za 1978 zilipokizamisha choo, kibati kilizama nacho. Kulikuwa na tundu kwenye mlango wa kushoto wa gari. Josephati alilidhania ni la kisiki, akaliziba kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia, akapaka rangi. Kuku wakahamia.

Mapema mwaka 1984, rafu za Omary zilipokuwa na chumvi na viberiti tu, Josephati alinunua chumvi. Ilifungwa kwenye nusu ya ukurasa wa gazeti. Alipofika nyumbani akaisoma, kama ilivyo desturi ya mtu aliyelipia. Lilikuwa tangazo. Mkusanyaji wa magari wa Torino alikuwa anatafuta Lancia iliyobaki Tanzania baada ya mbio za 1972. Atakayethibitika kuwa nayo atapewa mashine mpya ya kusaga nafaka, pamoja na vipuri vyake. Wanawake wa Qurus walikuwa wanatembea maili sita kwenda kusaga. Josephati aliandika barua siku hiyohiyo. Nusu ya chini ya tangazo, iliyoeleza alama ya kulitambulia gari, ilikuwa imetumika kufungia misumari ya mtu wa Mbulu.

Mwezi Julai akaja Ndugu Msafiri Mbonea, mkaguzi wa magari kutoka Arusha, aliyetumwa kwa niaba ya huyo mtu wa Torino. Alivaa suti ya Kaunda, akabeba tochi, sumaku, daftari na mkoba. Alisalimia, akakataa chai, akaingia ghalani. Jambo la kwanza aliloandika lilikuwa "kuku 1, hai".

"Huyo anaatamia kwenye buti," alisema Josephati. "Hatoki mpaka Jumanne."

"Sina maoni juu ya kuku," alisema Msafiri. "Injini iko wapi?"

"Oldeani. Inamwagilia."

"Viti?"

"Umekikalia kimoja sasa hivi, ndugu, ulipokataa chai."

"Kibati cha namba?"

Josephati alieleza habari za choo. Msafiri aliandika mstari mmoja, akaupigia mstari chini. Kisha akatoa sumaku, akaigusisha kwenye boneti. Ikateleza. Akaigusisha kwenye mlango. Ikateleza tena. Josephati akatoa kitambaa mfukoni.

"Ngoja niipanguse, ndugu. Itanasa. Ni vumbi tu."

"Haitakiwi kunasa. Milango na boneti za gari hili ni za aluminiamu."

"Ah! Basi hainasi kabisa! Hata ukiisukuma!"

Sumaku ikanasa. Ilikuwa katikati ya mlango wa kushoto, chini kidogo ya kitasa. Msafiri alikwangua rangi kwa kisu, ikatokea nusu ya picha ya mti wa nazi, na chini yake maneno "mafuta safi". Akaling'oa bati. Tundu likabaki wazi.

"Hili ni nini?"

Josephati alikuwa na jibu alilokuwa akiwapa watu kwa miaka mitano, tangu vita vya Uganda. "Risasi. Askari wa Amini."

"Wakati wa vita gari hili lilikuwa wapi?"

"Hapahapa Qurus."

"Askari wa Amini walifika Qurus?"

"Risasi zinapotea njia, ndugu."

Omary alikuwamo ghalani, kwa kuwa hakuwa na cha kuuza dukani. Akacheka. "Ndugu mkaguzi, usimsikilize. Hapo labda ni yule ng'ombe wa mbio, wa mzee mmoja wa Endulen." Akasimulia hadithi ya Sambu, akiigiza pembe kwa mikono.

Kalamu ya Msafiri ilisimama kwa mara ya kwanza. Akaeleza polepole. Tangazo lilitaja tundu la pembe ya ng'ombe. Amekwisha kuona magari mawili kama hili, moja Moshi, jingine Babati, yote mekundu, yote yana matundu. Rangi zote zilikuwa mbichi, na wenye magari wote walikuwa wamesoma gazeti zima. Gari lisilo na namba haliwezi kuthibitishwa kwa namba. "Nitarudi Jumamosi, siku ya mnada," alisema. "Nileteeni shahidi na hiyo pembe, ikiwapo."

Josephati aliomba nafasi kwenye gari lililokuwa linapeleka dawa hospitali ya misheni, akafika Endulen mchana. Alimsalimu Ngoyai kwa Kimaasai, Ngoyai akamwitikia kwa Kiiraqw, kisha wakaendelea kwa Kiswahili, lugha ambayo kila mmoja aliamini mwenzake haijui vizuri.

"Mzee, ukija, Qurus nzima itasaga nyumbani."

"Mimi sili ugali wa Qurus," alisema Ngoyai. "Watu wa mnada watakuwapo?"

"Wote."

"Na Omary?"

"Yeye ndiye atakayekuwa mbele."

Ngoyai aliingia ndani, akatoka na pembe imefungwa kwenye shuka mpya. Nashipai alimtazama. "Mimi hujawahi kuninunulia shuka ya rangi hiyo," alisema.

Njiani Josephati alimfundisha la kusema. "Ukiulizwa mwendo, sema mia. Maili mia kwa saa. Hawa Waitaliano wanapenda mwendo."

"Nitasema kama ilivyokuwa. Lilikuja kama radi."

"Radi ya maili mia. Usisahau mia."

Jumamosi gari lilivutwa na ng'ombe mpaka mbele ya duka la Omary, likiwa na viti vyake, na kuku wake, kwa maana Jumanne ilipita bila yeye kutoka. Watu wa mnada waliacha ng'ombe wakaja. Mwenyekiti wa baraza la Endulen alikuwapo, na Senteu pia, ambaye alilisalimu gari kwanza.

Msafiri alitoa kwenye mkoba makaratasi mawili magumu yenye matundu. "Nilichora haya kwenye yale magari mengine, nikayakata kwa kipimo. Mzee, lipi ni la pembe?"

Ngoyai alilishika la kwanza kidogo tu. "Hii ni nondo. Nondo huingia moja kwa moja kama mgeni asiyebisha hodi. Pembe huingia ikigeuka." Akachukua la pili. "Hii ni patasi. Aliyepiga alikuwa na haraka, na ni wa mkono wa kushoto."

"Wa Babati ni wa mkono wa kushoto," alisema Msafiri, akaandika.

Ngoyai akafungua shuka. Aliipeleka pembe ya Sambu kwenye tundu la mlango, akaisukuma, ikakwama. Omary akafungua mdomo kusema neno. Ngoyai akaizungusha robo, kama mtu anayegeuza ufunguo wa kufuli la zamani, nayo ikaingia mpaka shinani. Ilikaa bila kushikwa. Kuku akatoka kwenye buti.

Mnada ulilipuka kwa kelele. Mwenyekiti alisimama. Josephati alimkumbatia kila aliyekuwa karibu, pamoja na mtu aliyekuwa anamdai jeki. Omary aliinua mikono. "Mzee Ngoyai, nimekosa. Mbele ya watu wote, nimekosa. Ng'ombe wako alipigana na gari."

Miaka kumi na miwili Ngoyai alikuwa akisubiri maneno hayo. Alikuwa ameshayapokea, uso umeng'aa, Msafiri aliposema, "Bado swali moja. Gari lilikuwa na mwendo gani lilipochomwa?"

Josephati, nyuma ya mkaguzi, alionyesha kidole kimoja, kisha akafanya sifuri mbili kwa mikono.

Ngoyai alichomoa pembe. Kwa mazoea tu, akaingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha. Akakizungusha tena. Akainama, akalitazama kwa karibu, kwanza kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Tabasamu likaanza kumtoka usoni polepole, kama maji yanayonywewa na mchanga. Tundu lilikuwa la duara. Halikuwa na mchaniko mbele wala nyuma.

"Mzee," alinong'ona Josephati. "Mia."

Ngoyai alimtafuta Moringe kwa macho, akamwona katikati ya watu. Moringe alikuwa anakitazama kidole, na bila shaka alikuwa anamkumbuka mtamba wake.

"Lilikuwa limesimama," alisema Ngoyai.

"Sema kwa sauti, tafadhali."

"Gari lilikuwa limesimama! Lingekuwa linakwenda, bati lingechanika kutoka hapa mpaka hapa. Mimi sikuona kwa macho. Nilikuwa nyuma ya kona. Niliona rangi na vumbi, nikasema mengine mwenyewe. Sambu alilikuta limesimama, akalichoma."

Kicheko kilianzia kwa Omary, kikafika mpaka kwa wachuuzi wa mbuzi. "Lilikuwa limelala!" alipiga kelele Omary. "Ng'ombe shujaa amelichoma gari usingizini! Hata salamu hakutoa!"

Josephati aliketi chini vumbini. "Mashine yangu," alisema. "Mzee wa watu, ungepungukiwa nini? Mia tu. Ni neno fupi."

"Si kweli," alisema Ngoyai. Akaanza kuifunga pembe kwenye shuka.

Msafiri alisubiri wacheke mpaka wachoke. Ndipo akatoa bahasha iliyopigwa lakiri, akawaonyesha watu kwamba haijafunguliwa, akaifungua. Ilikuwa barua ya yule dereva, mzee sasa, kwa mkusanyaji wa Torino. Msafiri aliitafsiri papo hapo bila kubadilisha uso.

"'Magazeti ya kwetu yaliandika kwamba niligonga fahali kwa kasi kubwa, kwa kuwa ndivyo nilivyowaambia. Ukweli sijamwambia mtu. Usiku uliotangulia nilikula maharage ambayo hayakuelewana nami. Nilisimamisha gari konani, nikaenda kichakani. Mwenzangu alikuwa amelala kitini. Nikiwa nimechuchumaa, fahali wa mabaka alikuja, akalitazama gari, nadhani akajiona kwenye rangi yake, akalichoma mlangoni. Nilikimbia suruali mkononi, nikaingia kwa mlango mwingine, nikaondoka. Mwenye gari la kweli atakuwa na tundu la duara. Atakayekuambia habari za mwendo, usimwamini.'"

Msafiri alikunja barua. "Wa Moshi alisema maili themanini. Wa Babati alisema mia na ishirini, akaongeza kwamba yeye mwenyewe alisikia upepo. Gari hili ndilo." Akaandika, akapiga muhuri juu ya boneti. Kisha akasema angependa chai sasa.

Josephati aliinuliwa na watu wawili. Omary alimwendea Ngoyai, akampa kiberiti.

Mashine ya kusaga ilifika Qurus mwaka uliofuata na bado inanguruma. Mtu wa Torino aliomba auziwe na pembe, ikae pamoja na gari. Ngoyai alijibu kwamba gari lina tundu lake, linatosha kukumbuka.

Jioni ile ya Jumamosi, kabla watu wa Endulen hawajaondoka mnadani, mwenyekiti wa baraza alimvuta Ngoyai pembeni. Kulikuwa na kesi Jumatano, ng'ombe watatu, wenyewe wanne. Alitaka mtu anayeweza kusema jambo lilivyo hata kama aliyekosa ni ng'ombe wake mwenyewe. Senteu alikuwa wa kwanza kuunga mkono, ingawa aliunga mkono akimtazama mtu mwingine.

Ngoyai alifika nyumbani kesho yake, akaitundika pembe mahali pake, akamsimulia Nashipai yote, pamoja na maharage na suruali. Nashipai alikuwa anakamua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuambia alikula vizuri," alisema.